Kant na Mkataba wa Lusaka

Katika andiko lake juu ya amani ya kudumu (1795), Immanuel Kant anatanguliza sharti moja: mkataba unaoficha nia ya vita vijavyo si amani, ni kusimamisha mapigano tu. Lusaka inamthibitisha. Rwanda na Uganda zilitia sahihi Julai 1999. Juni 2000 majeshi yao yalipigana Kisangani, yakaua raia wa nchi isiyo yao.

Hata hivyo, hapo ndipo upungufu wa Kant unapodhihirika. Shirikisho lake la mataifa huru halina nguvu ya kulazimisha. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda; mwaka 2006 haikuweza kuihukumu Rwanda, isiyokubali mamlaka yake. Kant alifichua uongo wa sahihi. Hakuonyesha nani atamkamata mwongo.