Nyuma ya Zizi la Nane Nane

Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yakikaribia, watu wa Shinyanga humiminika Nyakabindi, Bariadi, na wa Geita huelekea Nyamhongolo, Mwanza. Tunasimama mbele ya zizi, tunamsifu kondoo, tunapita. Aliyemwandaa yuko nyuma na ndoo yake.

Kondoo wetu wa kienyeji hana sufu ya kukatwa. Ana nywele fupi na mkia mnono, hivyo hakuna manyoya ya kuficha kasoro. Mwandaaji humkalisha kitako, akambana kwa magoti, akachonga kwato kwa kisu, kijipande baada ya kijipande, na kuacha mara tu wekundu hafifu unapoanza kuonekana. Akizidisha, damu itatoka na mnyama atachechemea mbele ya watu. Kisha huinua ule mkia mzito na kung'oa kupe mmoja mmoja. Hapo ndipo wanapopenda kujificha. Kuoga husubiri jua lipande, ili akauke upesi.

Kumzoesha kamba, jioni baada ya jioni mpaka aache kuvutana, nadhani ndiko kugumu kuliko yote.

Nimemwona mwandaaji mmoja aliyelala bandani juu ya gunia, kondoo asichafuke usiku. Asubuhi alikuwa akimfuta macho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, taratibu, kama anayemwosha mtoto.