Kinachopimwa na Kinachonywewa: Uhakiki wa Uchunguzi wa Awali wa Mimea Dawa kwa Kuzingatia Soko la Mbagala

Utafiti wa kisayansi kuhusu mimea dawa nchini Tanzania una historia ndefu. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ikaipa huduma hiyo nafasi rasmi. Pamoja na mafanikio hayo, sehemu hii inahoji jambo moja la kimbinu: je, sampuli inayochunguzwa maabara ndiyo dawa anayokunywa mgonjwa? Hoja inayotetewa ni kwamba mara nyingi sivyo, na kwamba pengo hilo hudhoofisha mahitimisho ya tafiti zenyewe.

Udhaifu wa kwanza umo katika majaribio ya rangi na povu. Kiziduo cha mmea hutiwa kitendanishi, kisha jedwali huonesha kwa alama za kujumlisha na kutoa kama kuna tanini, saponini, flavonoidi au alkaloidi. Matokeo ya namna hiyo hutaja makundi ya kemikali tu. Hayataji kiambata chenyewe wala kiasi chake. Kikombe cha chai ya rangi kingepata alama ya kujumlisha kwa tanini na flavonoidi, lakini hakuna anayekiita tiba ya malaria. Isitoshe, tanini hushikamana na protini, hivyo huweza kuzuia vimeng’enya ndani ya mrija wa majaribio na kumfanya mtafiti adhani amepata kiambata amilifu.

Udhaifu wa pili unahusu kiyeyushi. Mtumiaji wa Mbagala aliyenunua fungu la mizizi Rangi Tatu huichemsha kwa maji. Maabara nyingi hutumia methanoli au ethanoli, ambazo hutoa viambata visivyoyeyuka vizuri majini. Kisa cha artemisinini kinathibitisha uzito wa tofauti hii. Tu Youyou wa China, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa baada ya kuachana na joto kali na kutumia etha katika halijoto ya chini. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuuandaa.

Udhaifu wa tatu ni utambulisho. Mtafiti huchuma mmea wenye majani na maua, akahifadhi kielelezo katika hebaria. Sokoni hupatikana magome, vipande vya mizizi na unga ndani ya mifuko. Jina “mjafari” hutumika kwa zaidi ya spishi moja ya jenasi Zanthoxylum. Unga wenye jina hilo hauwezi kuhakikishwa kwa macho. Kwa hiyo, usalama uliothibitishwa kwa mmea wa porini hauhamii wenyewe kwenye mfuko wa muuzaji.

Suala la kipimo nalo hupuuzwa. Tuchukulie kwamba kiziduo huzuia bakteria kikiwa na ukolezi wa miligramu 5 kwa mililita. Ili kufikia ukolezi huo katika lita 5 za damu ya mtu mzima, gramu 25 za kiziduo zingepaswa kufyonzwa zote kwa pamoja. Kuiita dawa hiyo “yenye matumaini” bila kufanya hesabu hiyo ni kumpotosha msomaji.

Inaweza kutetewa kwamba uchunguzi wa awali ni hatua ya kwanza tu, na kwamba spektrometa ya tungamo ni ghali. Utetezi huo una ukweli, ila haukidhi. Kromatografia ya tabaka jembamba haihitaji mtambo wa gharama kubwa, nayo hutosha kulinganisha unga wa sokoni na kielelezo cha hebaria. Aidha, gharama ya kukosea humwangukia mgonjwa. Mwaka 2011, maelfu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga, mmea wa jenasi Carissa, baadhi ya wagonjwa waliripotiwa kuacha dawa za hospitali. Kujua kwamba mzizi una viambata hakukujibu swali lao: je, kikombe hiki kinaponya?

Kutokana na uhakiki huu, inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zikusanye sampuli sokoni sambamba na za porini. Ziziandae kwa maji kama watumiaji wafanyavyo. Zioneshe kiasi badala ya uwepo tu. Na matokeo yawafikie wauzaji pamoja na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bila hatua hizo, jedwali la maabara litaendelea kueleza mmea ambao mgonjwa wa Mbagala hakuunywa.