Kitambaa Ndicho cha Mwisho: Uchambuzi wa Machela ya Kambini

Usiku wangu wa kwanza kulala kwenye machela ulikuwa Magamba, juu ya Lushoto, mwezi Julai. Nilipoingia ndani, makalio yalikuwa karibu nusu mita kutoka ardhini. Alfajiri nikajikuta nimekaa kwenye majani yenye umande, magoti juu, mgongo umekufa ganzi. Hakuna kamba iliyokatika wala fundo lililofunguka. Mikanda miwili niliyouziwa pamoja na machela ilikuwa ya nailoni, na nailoni hunyumbuka ikibeba mzigo muda mrefu, hasa ikilowa. Ukungu ulikuwa umeilowesha tangu saa mbili usiku. Muuzaji aliniambia mikanda ile inabeba kilo 200, na alisema kweli, maana kubeba ilibeba. Lakini uzito unaobebwa na mkanda ni jambo moja, na mkanda kunyumbuka ni jambo jingine. Hilo la pili sikuliuliza kwa sababu sikujua kama ni la kuuliza.

Wazee wetu wanaijua machela kama kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu na kubebwa mabegani na watu wawili, mgonjwa akiwa ndani. Hii ninayoizungumzia ni ndugu yake, ila badala ya mabega kuna miti miwili iliyosimama. Tangu usiku ule nimenunua nyingine mbili na kushona mbili, na ninachokiona ni kwamba karibu wote tunaanzia kwenye kitambaa: rangi yake, wepesi wake, namna kinavyokunjika kikaingia kiganjani. Kumbe kitambaa ndicho cha mwisho kuleta shida. Shida zinaanzia kwenye pembe ya kamba, zinapita kwenye urefu, na kubwa kuliko zote inatoka chini ya mgongo.

Tuanze na pembe. Anayefunga machela kwa mara ya kwanza huivuta mpaka inyooke kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu iliyonyooka inaonekana imara. Hesabu inasema kinyume. Chukua mtu wa kilo 78, ambao ndio uzito wangu. Kila upande unatakiwa kuinua nusu yake, kilo 39. Lakini kamba haivuti kwenda juu moja kwa moja, inavuta kwa mshazari, na kadiri inavyolala ndivyo inavyolazimika kuvuta zaidi ili kupata zile kilo 39 za kwenda juu. Kamba ikishuka kwa pembe ya nyuzi 30, kila upande unavutwa kwa nguvu ya kilo 78, sawa na uzito wa mtu mzima. Kwa nyuzi 15 inakuwa kilo 150. Kwa nyuzi 10 inafika 225. Ukiikaza mpaka ibaki nyuzi 5 tu, kila kamba inabeba karibu kilo 450, na mti nao unavutwa hivyohivyo. Mtu ni yuleyule na kamba ni ileile. Kwa hiyo ukisikia machela imekatika, kabla ya kumlaumu aliyeishona uliza ilikuwa imefungwaje.

Kupata nyuzi 30 hakuhitaji kifaa. Kwa kila mita moja ya kwenda mlalo, kamba ishuke sentimita 58. Miti ikiwa imeachana mita nne na nusu, mikanda ikafungwa kwenye urefu wa kama mita 1.75, utakaa ukiwa sentimita 45 kutoka chini, urefu wa kiti cha kawaida. Usipande juu ya hapo hata kama mandhari inakuita.

Kitu kilichonisaidia zaidi hakikuuzwa na machela yoyote kati ya zile tatu. Ni kamba nyembamba inayounganisha ncha mbili za machela, ikipita hewani juu ya mlalaji. Mimi naiita kamba ya mgongo. Urefu wake ni asilimia 83 ya urefu wa machela. Ukishaifunga mara moja, mbonyeo wa machela hubaki uleule hata miti ikisogeleana au ikiachana. Pia inakupa taarifa: ukishalala, iminye kwa vidole viwili. Ikipinda kidogo, pembe ni nzuri. Ikilia kama uzi wa gitaa, shuka ulegeze mikanda.

Halafu urefu. Machela yangu ya kwanza ilikuwa na mita 2.6, na ndani yake nililala kama samaki ndani ya jahazi, mwili umepinda, magoti yamenyooka kupita kiasi. Nilidhani ndivyo machela zilivyo. Lakini watu wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilala humo kabla Columbus hajafika mwaka 1492. Wahispania walichukua kwao hata jina, hamaca, lililoenea Ulaya. Mpaka leo zipo nyumba nyingi Yucatán na kaskazini mashariki mwa Brazil ambazo kitanda cha kila siku ndicho hicho, na hakuna anayeweza kulala maisha yake yote akiwa amepinda. Siri ni kwamba wao hawalali katikati kufuata urefu. Wanalala mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa kati na miguu upande wa pili, na hapo kitambaa kinatanuka na mgongo unanyooka karibu kama kitandani. Ili kulala mshazari lazima nafasi iwepo. Kwa mtu mwenye kimo kama changu, mita 1.78, machela iwe na mita 3.3 au zaidi, na upana wa mita moja na nusu. Ndogo zinauzika kwa sababu zinakunjika vizuri mkononi mwa mnunuzi.

Hapo ndipo nilipoamua kushona. Nilinunua mita tatu na nusu za kitambaa cha parashuti, kile chenye viraba vidogo vya uzi mnene vinavyozuia mpasuko usiendelee, nikampelekea fundi cherehani ninayemwamini.

"Kaka, hili pazia la wapi?" akaniuliza.

"Si pazia, dada. Ni kitanda. Nitalala humo."

Akaacha kukanyaga cherehani, akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga. "Basi tusikishone kwanza. Tujaribu kipande."

Jaribio lile lilituokoa. Kwenye cherehani kulikuwa na sindano namba 16, ya vitenge na jinzi, na mishono ilitoka midogo, imebanana vizuri kama ya suruali ya harusi. Nikashika pande mbili nikavuta. Kikachanika palepale kwenye mstari wa mshono, kama stempu inavyochanika kwenye vitundu vyake. Kwenye kitambaa chembamba kila tundu la sindano ni jeraha, na majeraha yaliyokaribiana hufanya njia. Akabadili: sindano namba 11, uzi wa polyesta, mishono ya milimita tatu na nusu. Tukavuta tena, mimi upande mmoja na yeye wa pili, kikatulia.

Swali lake lililofuata lilikuwa zuri kuliko langu lolote: "Mzigo unakaa kwenye mshono gani?" Jibu ni kwamba ukitengeneza vizuri, mshono haubebi mtu. Kila ncha unaikunja kufanya upindo, unapitisha kamba ndani yake, unakikusanya kitambaa chote kama mdomo wa gunia, kisha kitanzi kinabana nyuma ya upindo. Ule upindo ulionenepa unakuwa kizuizi ili kitanzi kisiteleze. Anayembeba mlalaji ni kitambaa chenyewe, nyuzi zote za upana wa mita moja na nusu zikiwa zimekusanyika pamoja. Fundi alipoliona hilo alikunja ncha ya pili bila kusubiri maelekezo. Machela ilitoka na urefu wa mita 3.4, kamba ya mgongo nikaipima mita 2.82.

Kabla sijailalia niliitundika kwenye miembe miwili nyuma ya nyumba, nikaijaza viroba vya mchanga, kilo 120 kwa jumla, nikaiacha mpaka kesho yake. Kisha nikakaa mimi, sentimita 30 tu kutoka chini. Sioni aibu kuwa na subira hapo. Kuanguka chali ni ajali ya uti wa mgongo.

Mikanda mipya nilikata kutoka mikanda ya polyesta ya kufungia mizigo kwenye malori. Haina kunyumbuka kwa nailoni, na upana wake unagawanya mvuto kwenye gome. Kamba nyembamba ikivutwa kwa kilo 80 usiku kucha inakata gome mpaka kwenye nyama ya mti. Vitanzi vya kwenye ncha za mikanda alinishonea fundi viatu kwa uzi wake mnene. Kati ya mkanda na machela niliweka kamba ya Dyneema ya milimita 3, niliyoletewa na ndugu yangu kutoka Muscat. Hii ni nyepesi na ina nguvu ya ajabu, ila inateleza: fundo la kawaida linaweza kufunguka lenyewe, na fundo lolote linakula sehemu kubwa ya nguvu yake. Kamba hii ni tupu ndani, kwa hiyo mkia wake unaingizwa ndani ya mwili wake kwa waya uliokunjwa, na kadiri unavyovuta ndivyo msuko unavyoubana ule mkia. Nilikosea mara nne kabla ya kupata kitanzi kimoja cha kuaminika. Kosa lilikuwa kuingiza mkia mfupi. Sasa naingiza sentimita 22.

Kuhusu mbu nitasema kidogo. Chandarua cha kufunika juu peke yake hakitoshi, kwa sababu kitambaa kilichovutika na kugusa ngozi mbu anakitoboa kutoka chini. Ama machela iwe ya tabaka mbili, ama chandarua kiwe kama mfuko unaoizunguka yote. Nilinunua kitambaa cha neti kwa mita. Vyandarua vya dawa tunavyogawiwa viachwe vitandani kwa watoto na wajawazito, si vya kukatiwa kambi.

Na miti itazame juu kabla ya kuitazama shina. Tawi kavu likianguka halichagui usiku wa upepo, na mikaratusi hudondosha hata matawi mabichi hewa ikiwa imetulia. Mimi sifungi machela chini ya mkaratusi mkubwa.

Mvua ilinifundisha somo dogo lenye faida kubwa. Turubai lilikuwa zima, limekaa vizuri, pembe zote nne zimekazwa, na bado niliamka kitambaa cha upande wa kichwa kimelowa chapachapa. Niliwasha taa nikafuata maji kwa kidole. Hayakuwa yakipita kwenye turubai. Yalikuwa yakishuka kwenye shina, yakiingia kwenye mkanda, yakatembea na kamba kwa chini kama sisimizi, mpaka ndani. Dawa yake ni uzi wa kiatu. Ufunge kwenye kamba, mahali palipo chini ya turubai, ukiacha ncha ining'inie: maji yakifika hapo yanaacha kamba na kudondoka. Turubai lenyewe, nilinunua la nailoni nyepesi yenye silikoni, na kila mvua nililazimika kutoka kulikaza kwa sababu nailoni ikilowa inalegea. La polyesta halina usumbufu huo. Turubai la buluu la sokoni ni zito, lakini kwa anayeanza linatosha kabisa, na fedha inayobaki iende kwenye joto.

Joto ndilo lililonisumbua kuliko yote. Usiku ule wa Magamba nilikuwa na mfuko mzuri wa kulalia, na kipimajoto kilisoma nyuzi 11. Juu nilikuwa na joto la kutosha. Chini, kuanzia mabegani mpaka kwenye mapaja, nilihisi kama nimelazwa kwenye sakafu ya saruji. Mfuko wa kulalia haukupi joto. Unashikilia hewa iliyopashwa na mwili wako, katikati ya nyuzi zake. Uzito wako ukizibana, hewa inatoka, na unabaki na vitambaa viwili vyembamba. Kwenye hema ardhi inapoza taratibu. Hewani upepo unapita chini yako usiku kucha na kubeba kila joto linalotoka. Ndiyo maana wapo wanaotetemeka kwenye machela mahali ambapo rafiki zao wamelala chini bila shida.

Kipande cha sponji ndani ya machela kinasaidia, na ndicho nilichotumia karibu mwaka mzima, lakini kinahama kila unapogeuka na mgongo unalowa jasho. Suluhisho la kweli ni blanketi linaloning'inia nje, chini ya machela, ambalo mwili haulibani. Nilikata duveti la mtumba, fundi akapitisha kamba pembeni na lastiki kwenye ncha zote mbili. Kazi iko kwenye kulikaza. Likilegea, nafasi inabaki na upepo unapita katikati kama kwenye korido. Likikazwa mno linabanwa na kurudi kuwa vitambaa viwili. Sasa mtu akishalala, mwenzake anapitisha kiganja kati ya machela na blanketi: kinatakiwa kugusa vyote viwili bila kusukuma. Nilirudi Magamba Juni iliyofuata nikalala mpaka jua likatoka.

Blanketi lile lina kilo 1.4, zito kuliko machela, mikanda na kamba zote kwa pamoja, na linajaza nusu ya begi. Kwa hiyo, ili nishone jingine lililo jepesi zaidi, kwenye Soko la Memorial, Moshi, nimeanza kununua majaketi ya mtumba ya manyoya ya bata, yale yaliyochanika mikono na ambayo hakuna anayeyataka. Ninayo matatu. Fundi ameshachora vyumba vya kushikilia manyoya yasikimbilie upande mmoja, sentimita 15 kila kimoja, na anasubiri la nne.