Maneno Yanayokaa Chini ya Picha

Ingia kwenye mkusanyo wa mtandaoni wa makumbusho yoyote ya Ujerumani yenye vitu vya Afrika Mashariki, kisha uandike "Mwanza" kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukimaliza, jaribu "Muansa". Hivyo ndivyo Wajerumani walivyouandika mji huu walipoutawala, na Usukuma waliuandika Ussukuma. Kadi nyingi za zamani zilinakiliwa kwenda kwenye kompyuta na tahajia zake zile zile, kwa hiyo mtu wa Igoma au Kirumba anayetafuta vitu vya kwao anaweza kuvikosa kwa sababu tu anaandika jina la mji wake kwa usahihi.

Nimeanza na jambo hilo dogo kwa kuwa linaonyesha kwamba picha haitufikii peke yake. Inakuja na maneno, na maneno hayo ndiyo yanayoamua nani ataiona na ataiona kama nini. Miaka ya karibuni, chini ya maneno ya kadi, yameanza kuongezwa maneno ya aina nyingine. Msanii, mwanafunzi au mtu yeyote mwenye asili ya mahali kitu kilikotoka anaombwa aandike aya mbili tatu kwa nafsi ya kwanza: unakiona nini, kinakukumbusha nini. Nitayaita maelezo binafsi. Wenzangu kadhaa wa uzamili wamekwisha kuyaandika, na nadhani wengi tunaosoma jarida hili tutaombwa siku moja. Sasa ni utanzu kamili, mfupi kuliko insha na mrefu kuliko kapsheni ya Instagram, na bado hatuuhakiki. Tunaupokea kwa makofi kwa kuwa "sauti yetu imesikika". Shairi likiandikwa vibaya tunasema ni baya, hata mtunzi akiwa ndugu yetu. Kwa nini maelezo haya tuyaonee haya?

Kwanza tuitendee haki kadi ya makumbusho. Ina adabu yake. Inasema: kigoda, mbao, urefu kadhaa, Ussukuma, namba ya usajili. Haijifanyi kulia na haidai kuguswa. Ubaya wake umo kwenye vitenzi. Kilikusanywa. Kilitolewa. Kilipatikana. Hebu litazame hilo la mwisho kwa sarufi yetu wenyewe. "Kilikusanywa" kinaficha mtenda, lakini angalau kinamwachia nafasi: kilikusanywa na nani? "Kilipatikana" hakimwachii hata hiyo nafasi. Huwezi kusema kwa Kiswahili fasaha "kilipatikana na fulani". Kitenzi kimefunga mlango, na kitu kinabaki kama embe lililodondoka lenyewe.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Luzira karibu na Kampala, kilitoka ardhini kichwa cha mtu cha udongo wa kuchoma, pamoja na vipande vya mwili. Leo kipo British Museum, London, na picha yake ipo mtandaoni. Ni miongoni mwa sanamu za zamani zinazojulikana zaidi katika eneo lote la Ziwa Victoria. Waliokichimba walikuwa wafungwa waliopelekwa kufanya kazi katika eneo la gereza. Luzira bado ni gereza hadi leo, na mtu yeyote wa Uganda akilisikia jina hilo atawaza kuta kabla ya kuwaza sanaa. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kusema bibi yake alimwambia kichwa hiki kilikuwa cha nini. Wanaakiolojia wanakadiria umri wake kwa karne, tena nyingi. Je, kuna maelezo binafsi yanayowezekana hapa?

Yapo, ila si ya kumbukumbu. Mtu wa Kampala ambaye amewahi kupeleka chakula kwa ndugu aliyefungwa Luzira ana jambo la kusema juu ya mikono iliyokigusa kichwa hiki kwa mara ya kwanza baada ya karne hizo zote. Hatadai kwamba sanamu ni ya ukoo wake. Atauliza tu: jembe lilishikwa na nani, na alipewa nini? Kwa swali hilo kitenzi "kilipatikana" kimefunguliwa. Nafsi ya kwanza imefanya kazi ambayo kadi haikuweza, na haikuhitaji kudanganya.

Sasa tazama maelezo binafsi mengi yanavyoandikwa. Yana umbo moja. Mwandishi anaona picha, moyo unamdunda, anahisi mababu wanamwita, anakumbuka utoto, kisha anafunga kwa kusema sisi ni watu wa fahari. Nina jaribio moja ninalolitumia: ondoa picha, weka nyingine. Kama maneno yaliyoandikwa chini ya ngoma ya Kisukuma yanakaa vizuri vile vile chini ya kinyago cha Kimakonde au mkeka wa Pemba, basi mwandishi hakuitazama ngoma. Alijitazama mwenyewe, ngoma ikawa kioo. Na kwa mtu anayefungua ukurasa ule kwa bando la shilingi elfu moja, huo ni ubadhirifu.

Jaribio hilo ni gumu, kwa hiyo ni haki nami nilipitie hapa. Chukua kigoda cha miguu mitatu, cha aina inayojaa kwenye mikusanyo ya namna hii. Ningeandika hivi:

"Kina miguu mitatu kwa sababu uwanja wa nyumbani si sakafu. Kiti cha miguu minne kikiwekwa juu ya ardhi yenye mashimo ya kuku kinayumba. Cha miguu mitatu hakiyumbi popote. Babu mzaa mama, kule Magu, alikuwa nacho. Jioni alikibeba kwa mkono mmoja hadi shikome, kwenye moto wa wazee, na asubuhi tulikikuta kimeegemezwa ukutani, makalio juu, ili mvua isitue. Kwenye picha hii kigoda kimesimamishwa juu ya kitambaa cheupe, na upande mmoja wa kikalio umelika zaidi ya mwingine. Aliyekikalia aliegemea kulia. Labda alikuwa akiongea na mtu."

Hayo si maandishi ya ajabu. Nimeyaweka ili tuone kazi inavyogawanyika. Miguu mitatu ni maarifa ya mwenyeji, ambayo kadi ingeweza kuyaandika lakini kwa kawaida haiyaandiki. Babu na shikome ni kumbukumbu yangu, na msomaji anajua ni yangu, ya Magu, si ya Wasukuma wote. Kulika kwa kikalio kumo kwenye picha yenyewe. Yeyote anaweza kukihakiki kwa kuikuza kwa vidole viwili. Neno "labda" linaweka mpaka kati ya ninachokiona na ninachokibuni. Ukiyahamishia chini ya mkeka wa Pemba, hayatakaa.

Lakini kuna hatari kubwa kuliko kujitazama kwenye kioo, nayo ni kugeuzwa msemaji. Makumbusho ya mbali yakipata Msukuma mmoja wa kuandika, huona yamepata Usukuma. Anayejua Bulabo atacheka. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, makundi ya ngoma hukutana Bujora, pale Kisesa, kilomita chache nje ya Mwanza, na kushindana siku kadhaa. Makundi hayo yamegawanyika pande mbili za tangu zamani, Bagika na Bagalu, na kila upande una asili yake, waganga wake na dawa zake za kuvuta watu. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mweke Mgika na Mgalu mbele ya picha ya ngoma moja, uone kama watakupa maelezo yanayolingana. Penye wengi pana mengi. Maelezo binafsi yakiandikwa vizuri yanafanya msomaji atamani kusikia ya pili na ya tatu. Yakiandikwa vibaya yanamfanya aone kwamba suala limekwisha.

Bujora yenyewe inastahili kusomwa kama maelezo binafsi yaliyoandikwa kwa saruji. Aliyeianzisha ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa hapo mwaka 1968, miaka mitano baada ya serikali ya Tanganyika huru kufuta utawala wa machifu. Utaratibu huo wa miaka una maana. Ngoma na vigoda vya watemi vilikuwa vyombo vya utawala; siku utemi ulipofutwa kisheria vikawa vitu visivyo na kazi, na kitu kisicho na kazi ndicho kinachoingia makumbusho. Pale Bujora banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ni uamuzi wa mtu mmenyekenyevu kwa utamaduni wa wenyeji wake, lakini ni uamuzi wa mtu, padri, mgeni aliyekuja kuwa mwenyeji. Baadaye Wamarekani wawili, Aimée na Mark Bessire, waliandaa ziara ya makumbusho hayo mtandaoni, kwa Kiingereza, wakati Watanzania wengi hawajawahi kugusa kompyuta. Mgeni njoo mwenyeji apone: siwezi kuibeza kazi hiyo, maana bila yake wengi wa nje wasingejua Bujora ipo. Ninachosema ni kwamba nayo ni macho ya watu fulani, na sisi tumechelewa kuweka yetu pembeni yake.

Kuchelewa huko kuna gharama, na Mwanza inaijua. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu yake ya hali halisi kuhusu sangara, ndege za mizigo na maisha ya pembezoni mwa ziwa hapa hapa. Filamu ile ilizunguka dunia na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani. Hasira ilikuwepo ya kutosha; kilichokosekana ni picha na maneno mengi ya watu wa Kirumba na Mwaloni yenye nguvu ya kukaa jirani na filamu hiyo na kubishana nayo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hapa nafika kwenye pingamizi zito zaidi, na silipuuzi. Wako wanaosema: usiandike kabisa. Vitu vyenyewe viko Berlin, London na kwingineko. Makumbusho yanakupa picha, unayapa hisia zako bure, kisha yanatangaza kwamba "yanashirikiana na jamii husika". Maneno yako yanakuwa pazia zuri mbele ya dirisha la duka ambalo mali yake ni ya watu wengine. Majirani zetu Kenya walilikabili hilo moja kwa moja. Mradi wa orodha za kimataifa, ambao maonyesho yake yalifanyika Nairobi, Cologne na Frankfurt mwaka 2021, ulianza kwa kuhesabu: zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Wasanii wa Nest Collective na wenzao wakafanya kazi zao juu ya msingi wa hesabu hiyo. Idadi ilitangulia, hisia zikafuata. Ndiyo maana hisia zile hazikuweza kutumika kama shukrani.

Kwa hiyo sikubali kwamba tunyamaze, ila nakubali kwamba kuna namna ya kuandika inayomsaidia aliyeshika kitu kulala vizuri. Maelezo yanayosema tu "kinanikumbusha nyumbani" yanamsaidia. Maelezo yanayosema kinanikumbusha nyumbani, kiliondoka Usukuma wakati wa utawala wa kijeshi, na kadi haisemi aliyekuwa amekikalia alilipwa nini, hayamsaidii. Yote mawili ni binafsi. La pili limekumbuka kwamba nafsi inayoandika ina upande.

Ukiombwa kuandika, basi, omba mambo ambayo mwandishi wa kadi hakuyapewa. Omba picha ya nyuma na ya chini ya kitu, si ya mbele tu. Kwenye kigoda, habari nyingi ziko chini. Omba kuiona kadi ya awali na tahajia zake. Andika kwa Kiswahili kwanza, na kama unakimudu Kisukuma au Kikerewe, taja majina ya sehemu za kitu kwa lugha hiyo, kwa sababu tafsiri ya Kiingereza itapatikana tu lakini jina la kamba ya ngoma halitapatikana. Taja nani alikuambia nini na anatoka kijiji gani, kama ameridhia. Weka tarehe. Kisha, kabla ya kutuma, msomee kwa sauti mzee mmoja wa Kisesa, Magu au Ukerewe, na umwache akukatize. Akikukatiza, andika na hilo alilolisema, na uliache hapo hapo kwenye maelezo, hata kama linapingana na lako.