Kutengeneza Si Kufuta

Nyumba yangu hapa Nanyala iko jirani na barabara kuu iendayo Tunduma. Malori hupita usiku na mchana, na mtu aliyezoea kulala hapa hawezi tena kulala mahali penye kimya. Nilizaliwa mwaka 1950, kwa hiyo niliyaona malori ya mwanzo kabisa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini, na mafuta yakaanza kupita kwetu. Malori ya Fiat yalikuja yakinguruma katika vumbi la kiangazi na tope la masika, juu ya barabara ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Kisha wakaja mafundi wa Kitaliano kulaza bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilometa 1,710, kazi iliyokamilika mwaka 1968. Kwetu sisi vijana wa huku, Mwitaliano alikuwa mtu wa lori na bomba. Hatukumdhania kuwa na jambo jingine.

Basi msomaji atanisamehe mshangao wangu nilipogundua, nikiwa mzee, kwamba watu hao hao, katika miaka hiyo hiyo, walikuwa wakitengeneza kitu chepesi kama mtumbwi wa kuchezea. Nazungumzia gari dogo la wazi la Alfa Romeo liitwalo Spider. Lina viti viwili, na paa lake ni la turubai linalokunjwa nyuma ya mabega ya dereva. Nililiona kwa karibu mwaka 2018 mjini Nairobi, katika gereji ya mtu niliyemfundisha darasa la tano. Siku hizi ni fundi wa bodi anayeheshimika, na ndiye aliyenitumia nauli.

"Shikamoo Mwalimu," alisema akifuta mikono. "Leo nataka wewe ndiye unisahihishie kazi."

Alitania, lakini mimi nilimwamini. Maandishi haya ndiyo masahihisho yenyewe, nami nimechelewa kuyarudisha.

Kwanza niliseme gari lenyewe, maana haifai kuhukumu matengenezo ya kitu kabla hujakijua kitu. Kampuni ya A.L.F.A. ilianzishwa Milano mwaka 1910; Nicola Romeo akaishika mwaka 1915, na baadaye jina lake likaungwa na la kampuni. Nembo yake ina msalaba mwekundu wa mji wa Milano na nyoka wa ukoo wa Visconti mwenye mtu kinywani. Spider ninayoisema ilioneshwa kwa mara ya kwanza Geneva, Machi 1966. Umbo lake lilitoka katika karakana ya Pininfarina, na mwenye karakana, Battista, aliyeitwa Pinin, yaani mdogo, alifariki Aprili 3 mwaka huo huo. Injini yake ya mwanzo ilikuwa ya sentimeta za ujazo 1,570, yenye kichwa cha aluminiamu na kemshafti mbili juu. Gia zilikuwa tano na breki za diski kwa magurudumu yote manne, mambo ambayo kwa gari dogo la wakati ule hayakuwa ya kawaida.

Waitaliano walilipa jina la utani: mfupa wa ngisi. Aliyewahi kutembea ufukweni akauokota mfupa ule mweupe ataelewa mara moja. Gari limechongoka mbele, limechongoka nyuma, na ubavuni lina mfereji mmoja mrefu unaokwenda na jicho bila kulisumbua. Mwaka 1970 mkia ule ulikatwa ukawa wima. Mwaka 1983 likavishwa mpira mweusi nyuma na bampa za mpira. Mwaka 1990 likasafishwa tena, bampa zikapakwa rangi ya bodi, na mwaka 1993 uundaji wake ukafikia kikomo, baada ya magari zaidi ya 120,000.

Wapenzi wa gari hili hugombana juu ya mikia hiyo minne kama wazee wanavyogombana juu ya mipaka ya shamba. Maoni yangu ni haya. Mkia wa kwanza ndio mzuri kuliko yote, kwa sababu gari linaishia kwa namna ile ile lilivyoanza, kama sentensi iliyojua tangu neno la kwanza itakapotua. Lakini siwaungi mkono wanaoudharau ule wa pili. Uliongeza nafasi ya mizigo, na hewa iliuacha vizuri zaidi gari likiwa kasi. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili aliyekubali kupoteza uzuri kidogo ili apate manufaa, nao hauna aibu. Wa tatu ndio ninaoulaumu: mpira ule ulibandikwa juu ya umbo la zamani ili lionekane la kisasa, na kitu cha kubandika hujulikana tu. Wa nne ulikuwa toba.

Gari la mwanafunzi wangu lilikuwa na mkia wa kwanza. Mteja alikuwa amelirithi kwa baba yake, aliyeliendesha Nairobi kwa miaka mingi, kisha likalala chini ya mwembe. Kabla ya kazi, fundi alipiga picha kila upande, nami nilizitazama picha hizo jioni moja nzima.

Kwa kazi ya chuma nampa alama zote. Gari la aina hii halina fremu ya chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Na kwa kuwa halina paa la chuma, nguvu zote zimo katika sakafu na katika zile boksi za chuma zilizo chini ya milango. Maji ya mvua hujificha humo humo, na kutu ikala kwa ndani huku rangi ya nje ikitabasamu. Fundi asiye na subira hukata boksi hizo gari likiwa limekaa ovyo. Gari hupinda katikati kama jamvi, na milango haifungi tena maisha. Mwanafunzi wangu alichomelea kwanza mabomba ya chuma katika nafasi za milango ili kulikaza gari, akalisawazisha kwa kipimo, ndipo akakata, upande mmoja baada ya mwingine. Mlango ulipofungwa ulitoa mlio mmoja mfupi. Nilimwambia, "Hapa mwanangu umeandika hati nzuri."

Shida yangu ilianza juu ya chuma. Katika picha za mwanzo, ukingo wa mlango wa dereva ulikuwa umepauka mahali mkono wa baba yule ulipozoea kuegemea. Usukani ulikuwa umelika upande mmoja. Ngozi ya kiti cha abiria ilikuwa na mishono ya mkono, midogo na ya uangalifu, na nyuma ya kiti, penye bati, mtoto fulani alikuwa amekwaruza herufi mbili. Nilipofika, hakuna kilichosalia katika hivyo. Ngozi ilikuwa mpya, usukani mpya, rangi nyekundu inang'aa kiasi cha kujiona ndevu. Ilikuwa kana kwamba gari lilitoka Milano juzi na halijawahi kumbeba mtu.

Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa heshima, na majibu yake hayakuwa mepesi.

"Mwalimu, kutu haina historia. Kutu ni ugonjwa."

"Kutu sijaitaja. Nimetaja mishono ya kiti."

"Kiti kile kilikuwa kikichanika ukikikalia. Na mteja hanilipi ili nimrudishie uchakavu wake. Anataka alione gari alivyoliona baba yake siku alipolinunua."

Mteja mwenyewe alipokuja, alifurahi mpaka akakosa maneno. Hakuuliza herufi mbili ziko wapi. Kwa hiyo mlalamikaji nilikuwa mimi peke yangu, mgeni wa kutoka Nanyala, ambaye hata leseni ya udereva hana.

Jumapili moja alinipeleka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kutazama mashindano ya umaridadi wa magari, yanayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo na ambayo yalianza mwaka 1970. Ni sherehe nzuri, na ninaisifu. Pasipo mashindano kama hayo, magari mengi ya kale yangekwisha kuwa masufuria. Waamuzi hukagua injini, buti, viti, rangi, hata uvungu wa gari. Lakini nikiwatazama watu wakipangusa uvungu kwa kitambaa cheupe, nilikumbuka jinsi sisi walimu wakuu tulivyopaka chokaa mawe ya njiani kabla ya mkaguzi kuja. Mkaguzi aliona mawe meupe. Kusoma kwa watoto hakukuwa katika mawe. Kitu kinachopewa alama ndicho kinachotengenezwa, na usafi ni rahisi kuupa alama kuliko uaminifu.

Ulimwengu wa magari ya kale wenyewe umeliona jambo hili. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, mwaka ule ule wa Spider, lina mkataba uitwao wa Torino, uliotoka mwaka 2013. Uliufuata mfano wa mkataba wa Venezia wa 1964 kuhusu majengo ya kale, ambao ulifundisha kwamba urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Mkataba wa Torino unatenganisha kuhifadhi na kurejesha upya, unathamini alama za matumizi ya gari, na unataka sehemu mpya iwekewe alama ya kudumu ili mtu wa kesho aitambue. Hayo si mageni kwangu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asifute kosa la mtoto. Apige mstari mmoja, aandike sahihi juu yake, ili kosa na sahihi vionekane pamoja. Ukifuta, umeficha njia aliyopitia mtoto.

Nililifahamu somo hilo, na bado nililivunja. Hapo ndipo penye kiini cha maandishi haya.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya zamani. Daftari la kuandikisha wanafunzi lilikuwa la tangu miaka ya arobaini, limeliwa na mchwa pembeni, lina madoa ya chai, na wazazi wasiojua kusoma walikuwa wametia dole gumba mbele ya majina ya watoto wao. Nililionea aibu. Nikanunua daftari jipya lenye jalada gumu, nikanakili majina yote kwa mwandiko wangu bora, jioni kumi na nne, kisha nikalichoma la zamani nyuma ya jiko la shule. Mkaguzi alinisifu.

Miaka michache baadaye alikuja mzee mmoja. Hakuwa na picha ya baba yake, wala kaburi hakulijua, maana baba alikwenda migodini kusini asirudi. Alikuwa amesikia kwamba siku alipoandikishwa shule, baba yake alitia dole gumba katika daftari. Alitaka kuliona tu. Nilimfungulia daftari langu safi. Jina la baba yake lilikuwapo, bila kosa hata la herufi moja. Aliligusa kwa kidole, akasema, "Huu ni mwandiko wako, Mwalimu," akashukuru, akaenda zake.

Ndiyo sababu ile rangi nyekundu haikunifurahisha.

Kutoka kwangu si mbali hadi kilipo Kimondo cha Mbozi, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, chenye tani 16 hivi kwa makadirio. Waliokizunguka walichimba udongo wakakiacha kimekaa juu ya nguzo yake. Kina majeraha ya watu waliokikata vipande. Hakuna aliyekipiga msasa. Lakini sitaki kuupotosha mfano huu: kimondo hakibebi abiria, na gari lazima libebe. Gari lisilokwenda si gari. Kwa hiyo hukumu yangu kwa mwanafunzi wangu ni hii: boksi za chini, sakafu, breki, yote yanayoweza kumwua mtu, ulifanya sawa kuyabadili bila huruma. Kiti kilichochanika kingeweza kutiwa kitambaa kwa ndani, na mishono ikabaki. Ukingo wa mlango ungepakwa nta. Na bati lenye herufi mbili halikuwa linamdhuru mtu yeyote.

Kabla sijaondoka aliniongoza hadi nyuma ya gereji, akafungua kasha la mbao. Usukani ulikuwamo, na ngozi ya kiti imekunjwa vizuri. Hakuwa ametupa. "Nilidhani huenda mtu akaulizia," alisema. Nilimwambia aandike karatasi, iseme kila kitu kilitoka wapi, aiweke ndani, na kasha lote ampe mteja. Sijui kama alifanya. Lakini nilimwongezea alama.

Mimi mwenyewe nimeanza daftari la tatu. Ninaandika yote ninayoyakumbuka kuhusu lile nililolichoma: doa lilikuwa ukurasa gani, nani alitia dole na nani alitia sahihi ya kutetemeka, wapi wino ulikuwa wa zambarau. Ninapokumbuka kwa hakika, ninaandika kwa kalamu. Nisipokumbuka, ninaacha mstari mtupu. Mistari mitupu ni mingi, nami siijazi.