Al-Inkishafi na Kuanguka kwa Pate

Kila yanapotajwa magofu ya pwani, wapenzi wa ushairi wa Kiswahili huitaja Al-Inkishafi. Utungo huu wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambao aghalabu huhesabiwa kuwa wa miaka ya mwanzo ya karne ya 19, umefanywa shahidi wa namna ustaarabu unavyokufa: matajiri wa Pate walijivuna, wakaisahau Akhera, na mji wao ukawa makao ya popo na buibui. Hivyo ndivyo unavyokumbukwa na wengi. Lakini mwenye kuusoma kwa makini ataona kwamba mshairi hakuyasema hayo hasa, na kwamba aliyoyasema ni mazito zaidi.

Mshairi anasema na moyo wake. Auuliza kwa nini umeghurika na dunia, kisha auletea mfano wa karibu, watu wa mji wake mwenyewe na jamaa zake. Aeleza mwendo wao wa maringo, taa zao za vioo na shaba, vyombo vya kauri vilivyopangwa madakani. Halafu awaonyesha wakiwa makaburini na nyumba zao zikiwa tupu: makinda ya ndege yamelala mahali pa sahani, mende na nyenje ndio wenye kumbi. Hapa ndipo kilele cha utungo, na uzuri wake watokana na uchache wa hukumu. Kila kitu chatajwa mahali pake, kana kwamba mtu anapita akifungua mlango baada ya mlango. Baadaye, aingiapo katika kuzihesabu tabaka za Jahanamu, sauti yake yawa ya mwalimu, na nguvu yapungua.

Lakini katika sehemu hiyo hiyo iliyo bora pamefungamanishwa vifo viwili, kifo cha mtu na kifo cha mji, na wasomaji wengi hawakuona kifundo. Watu hufa katika kila mji, hata ule unaositawi. Tajiri akizikwa, mwanawe huiwasha taa ile ile jioni. Ili ndege apate kulala dakani, hapana budi kwanza dari iwe imeanguka, na dari haianguki kwa sababu mwenye nyumba alitembea kwa kiburi. Nyumba za Pate zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilishikwa na boriti za mikoko, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Boriti huoza. Chokaa isiyopakwa upya hunywa maji ya mvua. Nyumba ya namna hiyo, kila baada ya miaka, yahitaji mtu mwenye fedha, fundi anayeijua kazi, na nia ya kukaa. Basi swali la mji si kwa nini matajiri walikufa, bali kwa nini warithi wao hawakutengeneza. Sayyid Abdallah hakulijibu swali hilo wala hakuliuliza, kwa maana haja yake ilikuwa moyo. Kosa ni la waliomgeuza mwanahistoria, wakapata kwake jibu jepesi lisilomdai mtu yeyote hesabu ya kisima kilichofukiwa au urithi uliogombaniwa.

Mambo yenyewe ya Pate hayaendi pamoja na jibu hilo. Mji ulikuwa na bandari mbaya, isiyofikika ila maji yakijaa. Lakini uliuza pembe na boriti, na hariri iliyofumwa humo ilisifiwa na Wareno. Mwaka 1678 Wareno hao hao waliwakata vichwa wafalme wa Pate, Siyu, Lamu na Manda. Kama pigo la nje lingetosha kuua mji, Pate ingekufa siku ile. Haikufa. Katika mwaka 1728 Mwengo bin Athumani alimtungia mfalme wa Pate Utendi wa Tambuka, na karne hiyo ya 18, iliyokuja baada ya damu ya wafalme, ndiyo iliyoacha kumbukumbu za anasa anazozililia Al-Inkishafi.

Dalili za maradhi zaonekana kwingine. Habari za Pate, zile zilizosimuliwa na Bwana Kitini na kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, zimejaa ugomvi wa nyumba moja na nyumba nyingine juu ya ufalme. Humo mna kisa cha Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya mji kwa sherehe ya mwanawe, naye akaamuru ichongwe nyingine ya pembe. Kisa hiki husimuliwa kwa fahari, na ni haki, kwa kuwa siwa ni kazi ya ajabu. Lakini siwa ni sauti ya mji mzima. Zikiwa mbili, zikipulizwa kwa kushindana, jambo fulani limekwisha kukatika. Kati ya 1810 na 1814 Pate, ikishirikiana na Mazrui wa Mombasa, iliishambulia Lamu, ikavunjwa huko Shela. Lamu ikamwita Seyyid Said wa Oman, naye akaweka askari wake. Biashara ikaelekea Unguja, na katika miaka ya 1860 ukoo wa Nabahani ukaishia Witu, barani.

Ibn Khaldun, aliyeiandika Muqaddima yake mwaka 1377, angeitambua sehemu ya habari hii. Kwake anasa huudhoofisha mji kwa njia iliyo wazi: waliolelewa na watumishi husahau kwamba wanahitajiana, na asabia, ule mshikamano uliowainua wazee wao, huyeyuka. Tena asema waziwazi kwamba dhuluma hubomoa umrani. Hata hivyo kipimo chake kilikatwa kwa watu wa jangwani wanaoiteka miji, na Pate haikujengwa hivyo. Uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa hicho hicho, umeonyesha mji ulioanza katika karne ya 8 kwa udongo na miti, ukafika kwenye mawe hatua kwa hatua. (Jambo hili lalitia doa neno ustaarabu lenyewe, ambalo kwa asili yake lamaanisha kujifanya Mwarabu.) Mshikamano wa miji hii ulikuwa wa kuaminiana katika biashara: na mwenye pembe barani, na nahodha wa Bara Hindi, na jirani wa ng'ambo ya mlango wa bahari. Sahani ya kauri iliyomo dakani ni ushahidi wa ahadi nyingi zilizotimizwa na watu wasiojuana. Pate ilipopigana na Lamu ilikuwa inalichoma ghala lake mwenyewe.

Yapo pia ambayo utungo hauyaoni kabisa. Watumishi wamo, lakini ni msafara tu nyuma ya bwana. Jina hawana, wala kaburi. Waliochoma chokaa na kubeba boriti hawaulizwi waliko, hali jamaa wa mshairi watajwa kwa majina na kuulizwa waliko kwa uchungu mkubwa. Ni upungufu wa uungwana wa zama zile, na msomaji wa leo hana sababu ya kuufunika kwa heshima.

Pamoja na hayo, utungo umeokoka, nao usingeokoka bila wanakili. Mmoja wao alikuwa Muhamadi Kijumwa, mtu wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Na William Hichens alipouchapisha mwaka 1939 alikuwa amefaidi kazi ya mkono huo. Maombolezo ya Pate yalitunzwa katika mji ulioishinda Shela. Mizani na vina, tofauti na dari, hutengenezeka kwa wino na subira, hata na mtu asiye na jahazi.

Na Pate yenyewe haikuhamwa. Watu wangali wanakaa ubavuni mwa magofu, na kati ya kuta zile, penye madaka yaliyosalia, wamelima tumbaku.