Chungu Kimoja, Mikono Mingi: Uhakiki wa Ushirikiano katika Ufinyanzi wa Magdalene Odundo

Sehemu hii inajadili swali ambalo wahakiki wa ufinyanzi hulipita kwa haraka: chungu ni cha nani? Mara nyingi makumbusho huandika jina la msanii mmoja au, kwa vyungu vya wanawake wa Afrika, jina la kabila peke yake. Hoja yetu ni kwamba desturi zote mbili huficha ushirikiano.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ni mfano bayana. Kati ya mwaka 1974 na 1975 alikwenda Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Sifa za kituo humwendea Cardew. Hata hivyo, ufinyanzi wa mkono, usiotumia gurudumu, Odundo alijifunza kwa Ladi Kwali na wanawake wenzake. Baadaye alizuru San Ildefonso, New Mexico, kutazama ufinyanzi wa vyungu vyeusi vinavyong'aa. Kijiji hicho kilipata umaarufu kwa kazi ya Maria Martinez, aliyefinyanga na kusugua, na mumewe Julian, aliyechora. Tangu miaka ya 1920 vyungu vyao vilitiwa majina yote mawili. Julian alipofariki mwaka 1943, mkaza mwana wao Santana alishika nafasi ya mchoraji, na jina lake likaandikwa pia.

Vyungu vya Odundo husuguliwa vikang'aa; vikichomwa mara ya kwanza huwa vyekundu, na vikichomwa tena penye hewa haba huwa vyeusi. Umbo lake, hasa shingo ndefu iliyoinama kidogo, ni ubunifu wake mwenyewe. Kuwataja walimu wake hakumpunguzii hadhi. Kunaonyesha ubunifu huo ulianzia wapi.

Nchini Tanzania, huko Engaresero, karibu na mlima Oldoinyo Lengai, tope la majivu ya volkano limehifadhi nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulibainisha kundi la watu 17 waliotembea pamoja, wengi wao wakikadiriwa kuwa wanawake. Majina yao yamepotea, lakini hakuna awezaye kudai kuwa alipita mtu mmoja.

Lebo ya makumbusho haina budi kuwa na uaminifu huo: itaje aliyefinyanga, aliyechora na aliyefundisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala hakifinyangi chungu.